Chui wa Iyula Kuitwa Nguruwe

Iyula, Mbozi,
14 Agosti, 1954

Bwana Mhariri,

Kwa heshima nyingi naomba nafasi katika gazeti lako, japo kando ya bei za kahawa, nieleze jambo linaloniharibia chakula tumboni. Mimi ni Kefa Nzowa, mwalimu wa mazoezi katika Chama cha Wakimbiaji cha hapa Iyula. Vijana hukimbia, nami hupuliza filimbi. Nasema hivi ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa ovyo.

Alama ya chama chetu ilikuwa unyayo mmoja mweusi. Seremala Boazi alikanyaga rangi bila kujua, kisha akakanyaga bendera yetu, na wazee wa chama wakasema inafaa. Mimi niliona aibu watu wazima tujulikane kwa kosa la seremala. Nikaomba kuchora alama mpya, nikakubaliwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeomba. Nikachora chui anayeruka, kwenye bendera na kwenye fulana zote. Ndipo yakaanza haya ninayoyashtaki:

1. Watu wanasema chui wangu ni nguruwe. Hawasemi kwamba anafanana na nguruwe; wanasema ni nguruwe. Nauliza, nani kati yao amewahi kumtazama chui kwa utulivu, akayahesabu madoa yake, akarudi salama kusimulia? Ni kweli mimi pia sijamwona. Lakini mimi nilifanya uchunguzi: nilimchora paka wa jirani siku tatu mfululizo. Kwamba paka yule alikuwa na mimba, sikuambiwa mpaka alipozaa.

2. Mkia. Nakubali kwamba umejiviringa. Kitambaa kilikwisha.

3. Tarehe 31 Julai tulikwenda kushindana Itaka. Msimamizi wa mashindano, bwana mmoja mwenye miwani na sauti kubwa, alitutangaza mbele ya umati: "Sasa wanaingia wenzetu wa Iyula, pamoja na nguruwe wao." Watu walicheka, wengine mpaka wakakaa chini. Nilimwendea, nikamwambia kwa adabu kwamba yule ni chui. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena bendera. Kisha akanishika mkono akasema, "Pole, Mwalimu."

4. Mkimbiaji wetu Lusubilo aliposikia vicheko aliivua fulana yake, akaigeuza ndani nje, alama ikalala juu ya ngozi yake asiione mtu. Akakimbia maili tatu, akawa wa kwanza. Watu wanasema Iyula imeshinda. Mimi nasema ameshinda kijana asiye na alama, ambaye kwa haki hakuna awezaye kuthibitisha alikotoka. Nimewaandikia wakubwa wa Itaka waufute ushindi wetu. Hawajanijibu, na hapa kijijini tangu habari hiyo ijulikane hata salamu napewa nusu.

5. Kwa ushindi huo Lusubilo ameitwa Mbeya, Jumamosi ijayo, kukimbia na vijana wa jimbo lote. Hajapata kufika Mbeya. Alikuja nyumbani kwangu, akachutama mlangoni kwa heshima, akasema, "Mwalimu, naomba twende wote. Nisipoisikia filimbi yako sijui wapi nijizuie na wapi nijiachie." Nikamjibu kwamba filimbi yangu haitoki Iyula ila chui awe kifuani, watu wamwone. Kisha akasema, "Basi, Mwalimu, nitabaki nichume kahawa." Akainuka, akaondoka polepole, yeye ambaye hajui kutembea. Bwana Mhariri, kijana yu radhi kuikosa Mbeya kuliko kuvaa kazi ya mikono yangu. Je, hiyo ni adabu?

Kwa hiyo naomba, kwanza, gazeti lako litangaze kwamba mnyama wa Iyula ni chui. Pili, Serikali itafute chui wa kweli, amefungwa barabara, asimamishwe kando ya bendera yetu watu walinganishe. Ikionekana hawafanani, basi achunguzwe chui huyo.

Nisalimie wapiga chapa wote, na yule anayesahihisha herufi, na familia zao, na wasomaji wote wenye macho mazuri.

Mimi mtiifu wako mwenye uchungu,
Kefa Nzowa

Nyongeza, Jumatatu asubuhi: Barua hii tafadhali usiichapishe. Naituma kwa sababu stempu nimekwisha kuibandika.

Leo alfajiri kulikuwa na ukungu mzito. Nilitoka nje nikaona nguruwe mkubwa kwenye maharagwe ya mke wangu, Sekela. Nikachukua mpini wa jembe, nikamrushia kwa nguvu zangu zote. Ulimpata ubavuni, ukaingia, ukatokea upande wa pili, naye hakulia. Kumbe Sekela alikuwa ameifua bendera na kuianika juu ya ua wa maharagwe hayo. Akaja, akalitazama tundu, akanitazama na mimi.

"Baba Nesta," akasema, "umeua chui."

Sikunywa hata chai. Nilikwenda moja kwa moja kwa Lusubilo, nikamkuta na kikapu begani, yuko njiani kwenda kwenye kahawa. Nilitaka kumweleza habari ya ukungu, nikaiacha. Nikamwambia tu kwamba lori la Mbeya linapita Alhamisi, nasi tutalipanda wote wawili, na filimbi ninayo.

Akatua kikapu. Akauliza avae fulana ipi.

Nikamwambia yoyote iliyo safi.