Taa Inayonusa Mazuku

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Mvua asubuhi, ukungu mchana. Gari langu limeanza kuona vitu.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua ilianzaje. Gari ni Mjerumani wa mwaka 1986. Lilipitia Ubelgiji, kisha Goma, ndipo likanifikia. Ni teksi pekee hapa Gisenyi yenye breki za kisasa zisizoruhusu matairi kujifunga kwenye utelezi. Faradji, anayeegesha teksi yake mbele yangu pale bariyeri ya mpakani, hana breki hizo. Nimemweleza mara nyingi. Hajawahi kuniuliza.

Leo nimempeleka Mama Mukandutiye, mjane anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni, akaone kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Kiwanja kiko bondeni, chini ya barabara ya ziwani. Nilipokata kona kali ya kulia kuingia njia ya kushuka, taa ya njano ikawaka mbele yangu. Herufi tatu: ABS, ndizo zile breki za kisasa. Nikakanyaga breki, ikashika kama kawaida. Taa ikabaki imewaka.

Chini kulikuwa kimya. Siyo kimya cha mahali pasipo na watu. Kimya cha mahali ambapo ndege wameamua kuhama. Kwenye nyasi kulikuwa na mbwa amelala ubavu. Hana jeraha. Hana nzi. Pembeni yake panya wawili, kama walikuja kumtazama wakasinzia. Mama Mukandutiye akajifunga kitenge vizuri, akasema twende.

Njiani akanitajia kwa sauti ndogo neno ambalo wenyeji hawapendi kulitaja ovyo: mazuku. Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania. Ardhi ya kule haina tabia hizi, ikabidi anieleze. Ni hewa mbaya inayopanda kutoka chini, kwenye mawe ya volkano. Haionekani. Inalala mabondeni kama maji, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Mbuzi anaingia akila majani, hatoki.

Nyumbani nikazima gari, nikaliwasha tena. Taa ikawaka kidogo, ikazimika. Kwetu hakuna mazuku.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 9 Novemba

Majaribio. Nimekwenda peke yangu.

Sokoni: taa kimya. Bariyeri: kimya. Barabara nzima ya ziwani, iliyonyooka: kimya. Bondeni kwa Mama Mukandutiye: ikawaka palepale, kwenye kona ileile. Sikushuka. Niligeuza nikiwa nimefunga vioo na kubana pumzi, hadi macho yakaniuma.

Kisha nikazima gari na kuliwasha tena, taa ikazimika, nikaingia uwanja wa nyumba moja ya mawe isiyo na paa, njia ya Cyanzarwe, upande wa kulia. Ikawaka. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na viazi nilimuuliza nani alikaa hapo. Alinitazama mimi, akaitazama nyumba, akaendelea na safari yake bila kujibu. Kuna vitu watu wa mji huu hawavisemi kwa mgeni, na mimi bado ni mgeni ingawa nina miaka mitano hapa. Lakini taa ilijibu.

Nimemweleza mke wangu Kabatesi. Akasema, "Baba Gwiza, lipeleke gari kwa fundi." Nikamwambia fundi hutengeneza kilichoharibika. Hiki hakijaharibika. Hiki kimefunuliwa.

Akasema sambaza zinaungua, akaenda jikoni.

Jumatano, 10 Novemba

Nimetangaza sokoni kwamba napima viwanja. Wawili wamecheka. Wa tatu hakucheka, naye ndiye mwenye ndugu aliyepoteza ng'ombe watatu asubuhi moja huko bondeni.

Ilihitajika nyumba ya mfano. Nikachagua ya Faradji. Siyo kwa chuki. Ni kwa sababu uwanja wake uko chini kidogo kuliko barabara, na yeye mwenyewe alikuwa amepeleka abiria Ruhengeri.

Nikaingia, nikakata kulia kuuzunguka mparachichi. Ikawaka. Mke wa Faradji alikuwa mlangoni. Nilimwonyesha. Alichungulia kupitia kioo, mwanga wa njano ukamkaa usoni. Alisema tu kwamba mama mkwe wake alikuwa akilalamika kifua tangu Pasaka. Aliingia ndani, akatoka na godoro kichwani, na la pili, akaondoka kwenda kwa mama yake akimshika mkono yule mzee.

Nilibaki peke yangu uwanjani. Mlango wazi. Ndani maharage bado yanachemka juu ya mkaa, na hakuna mtu. Sijui kwa nini niliwahi kutoka pale.

Nadhani Faradji atanishukuru.

Alhamisi, 11 Novemba

Faradji hajanishukuru. Amesema mbele ya madereva wote kwamba akinikuta mahali pasipo na watu tutaongea vizuri. Wivu ni ugonjwa.

Lakini habari imeenea. Mama Mukandutiye mwenyewe amekuja kuniomba nikipime kiwanja chake rasmi, ajue kama kuna kona isiyo na mazuku. Mvua ya jana imekata njia ya juu. Tukazunguka kwa chini, kupitia ufukweni, nikaingia bondeni kwa kukata kushoto.

Taa haikuwaka.

Nikazunguka kiwanja chote, mara tatu, kushoto, kushoto, kushoto. Kimya. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani na nyasi zilikuwa zinacheza. Mbwa hakuwepo tena. Umbo lake lilikuwepo, nyasi zimelala kwa mfano wa mgongo na miguu minne, lakini mbwa hakuwepo. Sikumwonyesha mama.

Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hewa mbaya imehama, hutokea. Akaniuliza tena, akinitazama machoni:

"Mwana wangu, mi nalea watoto wane, na hakuna hata moja nilizaa. Ndio nitalaza hapa. Uko na hakika?"

Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti nzuri sana.

Akasema wachimbaji wa msingi wataanza mwisho wa wiki. Akaniombea baraka. Nilirudi nyumbani nikiendesha taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

Ijumaa, 12 Novemba

Maafa. Taa imewaka nyumbani kwangu.

Kila siku mimi huingia uwanjani kwa kurudi nyuma. Leo Kabatesi alikuwa ameanika mahindi pale ninapopitia, nikaingia kwa mbele na kukata kulia. Ikawaka, njano, mbele ya mlango wangu mwenyewe. Kabatesi alisimama kibarazani amekunja mikono.

"Haya," akasema. "Toa magodoro."

Sikutoa magodoro. Nimepeleka gari kwa Hitimana, fundi wa karibu na soko, mtu mpole aliyejifunza kazi Goma. Nilimwambia nataka tu alisikilize. Akainua gurudumu la mbele kulia kwa jeki, akalala chini. Kisha akatoa kijidude cheusi chenye mkia wa waya. Kwenye ncha yake, ambayo ni sumaku, kulikuwa na ndevu za mchanga mweusi wa volkano.

Akanieleza kwamba kila gurudumu lina kijidude hicho. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko. Kompyuta ya breki isipopata hesabu ya gurudumu moja, inajitoa kazini na kuwasha taa, na breki zinabaki za kawaida kama za Faradji. Hilo la mwisho liliniuma.

Alisafisha ndevu zile. Akaunganisha testeri yake ya kupimia umeme na kuniambia nishike usukani na kutazama sindano. Sindano ikapanda, ikatulia. Akaniambia nikate kulia mpaka mwisho. Sindano ikaanguka, ikalala. Nikakata kushoto. Ikaamka.

"Unaona, patron," akasema. "Ukikata droite, waya inavutika, inaachana. Ukikata gauche, inashikana tena. Hii taa haijue hewa. Inajua tairi tu. Inasema: mi siione tairi, basi."

Nikajiuliza kuhusu bondeni. Kona ya kulia. Nyumba ya mawe? Kulia. Mparachichi wa Faradji? Kulia. Hitimana akafuta mikono.

Nikakumbuka Alhamisi. Kushoto, kushoto, kushoto.

Akaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, akaufunga vizuri ili usivutike. Nimekata kulia mara kumi, taa haikuwaka. Gari limepona.

Ningeweza kwenda kwa Mama Mukandutiye jioni hii na kusema nilikosea. Nilifika hadi kwenye kona ya nyumba yake. Nilisikia watoto wakiimba ndani. Nikarudi.

Nimepata njia bora. Kesho wachimbaji wanaanza. Nitatangulia asubuhi na mapema, nitawasubiri palepale kiwanjani, na wakifika nitasema taa imebadilisha maoni.

Jumamosi, 13 Novemba

Naandika haraka. Kabatesi anasema nilale.

Niliondoka kabla ya jua. Pale bariyeri niliona teksi ya Faradji ikigeuza na kunifuata. Nikaongeza mwendo. Njia ya juu ilikuwa imetengenezwa. Nilikata kulia, taa haikuwaka, nikashuka bondeni.

Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani moja. Ziwa lilikuwa limelala kama bati. Ukungu ulisimama juu yangu, lakini chini, kwenye nyasi, hewa ilikuwa safi kabisa, safi kuliko inavyopaswa kuwa. Niliona kila unyasi. Niliona kwamba mbwa amerudi mahali pake. Kisha nikaona siyo yule. Huyu alikuwa mweupe.

Injini ikakohoa, ikazima yenyewe. Ufunguo ulikuwa bado umewashwa, na kwenye dashibodi taa zote zikawaka pamoja, nyekundu na njano, bila sauti.

Nikafungua mlango. Nikiwa nimesimama nilijisikia vizuri. Nikadhani waya umekatika tena, nikapiga magoti nitazame gurudumu la mbele. Puani nikapata ukali kama mtu aliyepaliwa na soda. Nikavuta pumzi, haikuingia kitu. Nikavuta nyingine, kubwa zaidi. Jambo la kutisha ni kwamba sikuogopa. Niliona taa zile kupitia mlango ulio wazi, nikaona zinapendeza, nikafikiri ngoja nijinyooshe kidogo karibu na huyu mbwa mweupe.

Kisha kitu kikanishika mkanda wa suruali na kunivuta kwa nyuma, mlimani, kama gunia la viazi. Kilikuwa na miguu na hakikuwa na pumzi. Tulipofika juu, kikaanguka kando yangu na kuanza kuhema. Alikuwa Faradji.

Nilitaka kusema kitu.

"Usiseme," akasema. "Pumua. We pumua tu."

Tulipumua. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba alikuja kunipiga. Alikuwa amejiandaa usiku mzima. Alisimama juu ya njia akaniona nikipiga magoti, akadhani nasali, akaona aibu kumpiga mtu anayesali. Akasubiri. Mimi sikuinuka.

Nikamwambia tuwazuie wachimbaji. Akaniuliza wachimbaji gani. Mama Mukandutiye ni Msabato, akasema, kila mtu anajua. Jumamosi hii yuko kanisani na wachimbaji wake wote. Wanaanza kesho.

Tukaenda wote wawili, tukasimama nje ya kanisa mpaka walipotoka. Nilimwambia kila kitu, waya, kulia, kushoto, na jinsi nilivyofika kwenye kona ya nyumba yake nikarudi. Hakupiga kelele. Alinisikiliza huku ameshika Biblia kwa mikono miwili. Kisha akasema mumewe pia alienda bondeni asubuhi moja akiwa mzima, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza nini kilimpata. Alitumaini mno kwamba nasema kweli, ndiyo maana aliniuliza mara mbili.

Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo. Ilikuwa nzito kuliko ile hewa.

Mchana upepo ulipoamka, Faradji alilivuta gari langu kutoka bondeni kwa kamba, akitumia gari lake lisilo na breki za kisasa. Alipita polepole mbele ya bariyeri.

Jumapili, 14 Novemba

Kichwa kinauma, lakini akili imetulia.

Mama Mukandutiye ameomba kiwanja kingine, huko juu, penye upepo. Mke wa Faradji amerudi na magodoro. Kabatesi amempelekea Faradji kuku mzima, na amenipa mimi uji.

Hitimana alikuja kunijulia hali. Nilimweleza zile taa zote. Akasema ni kawaida: hewa ya bondeni iliinyima injini pumzi, ikazima, na injini ikizima huku ufunguo uko wazi, taa zote huwaka. Akanisihi nisahau mambo haya. Akaongeza kwamba nikiona ile nyekundu yenye mchoro wa birika, ya oili, nisimame papo hapo na kuzima gari kabla injini haijafa, kwa sababu oili yangu imebaki kidogo mno na anataka kuiongeza Jumanne.

Nimelifikiria hilo tangu adhuhuri. Kosa langu nimeliona, na nalikiri hapa bila kujitetea: nilitumia taa isiyofaa.

Ya njano ilikuwa inahesabu tairi, sawa. Lakini bondeni, mahali penye mazuku hasa, ya birika iliwaka pia, na hiyo Hitimana hajaifungua wala kuigusa. Leo nilipokuwa natoka uwanjani ilipepesa mara mbili. Kabatesi hakuiona. Nilipokaribia makaburi ikatulia, nyekundu, bila kupepesa.

Kesho nakwenda kupima viwanja Mudende, ambako hawanijui. Ni mlima mrefu. Sitazima injini mpaka taa imalize kusema.