Krepe Kumi za Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 7 Mei 1984

Kwa daftari hili, salamu na heshima.

Mimi, Valère, mwandishi wa maombi na malalamiko ya watu, mwenye meza mbele ya posta ya Kalemie, nina heshima ya kukufungua leo kwa kusudi moja: kuandika mambo kama yalivyotokea, ili siku nikishtakiwa pawe na karatasi.

Mambo yenyewe ni haya. Mke wangu Célestine hukaanga krepe kila asubuhi na kuziuza kwenye lango la bandari. Jana, penye karamu ya ubatizo, nilisema mbele ya wageni kwamba hiyo si kazi. Unga na maji tu, nilisema. Yaliyobaki yanafanywa na moto. Wageni walicheka. Célestine hakucheka. Jioni alikuwa kwa mama yake, mtaa wa Kataki.

Leo amekuja baba yake mdogo, Papa Omer, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, mtu anayeketi kabla ya kukaribishwa. Ameleta hukumu ya mama mkwe wangu, Mama Émérence. Nipike krepe kumi kwa mikono yangu mwenyewe. Zimfikie Jumamosi. Zikilika, Célestine atarudi. Zisipolika, Jumatatu ijayo mama na binti watapanda boti ya kwenda Baraka. Na huko Baraka, aliongeza Papa Omer huku akitazama dari, kuna bwana mmoja aliyefiwa na mke, mwenye mitumbwi mitatu, ambaye hajawahi kudharau chakula cha mtu.

Sijapata kupika kitu chochote maishani mwangu. Naogopa.

Jumanne, tarehe 8 Mei

Nimepata njia. Mama Bertille, jirani yetu, ni mpishi. Apike yeye, nipeleke mimi. Nilimweleza, kwa maneno yaliyopangwa vizuri, kwamba nahitaji msaada wa siri. Akauliza kama siri hiyo ni zile krepe za Mama Émérence. Kumbe Kataki yote inajua. Wanawake wa lango la bandari wamekwisha kuchagua upande, na hakuna aliyechagua wangu.

“Papa Valère, miye njo nilimufundisha Célestine kushika kikaango,” alisema. “Sasa nipikie adui yake?”

Nilimkumbusha kwamba mimi si adui, ni mshtakiwa. Akasema basi nipike kama mshtakiwa.

Jumatano, tarehe 9 Mei

Nimefunga meza mapema. Nimewasha mbabula, jiko letu la makaa, uani. Kwa miaka tisa nimeliona kila siku bati hilo lenye matundu, lakini sikupata kulitazama. Makala hayo yalikataa kushika moto. Nimetumia kibiriti kizima na rasimu tatu za barua za wateja. Yaliposhika, yalirusha cheche, nami nikajikuta nyuma ya mlango.

Jikoni mna makopo mawili ya unga. Wote mweupe. Nilichukua uliokuwa karibu, nikamimina maji ya moto, nikakoroga. Kitu kile kikaganda. Nilipoinua mwiko, sufuria ilipanda pamoja nao.

Mama Bertille, akichungulia juu ya ukuta, aliuliza kama napikia bugali jeshi zima. Ulikuwa unga wa muhogo. Nimeula wote, bila kitoweo, ili ushahidi usibaki. Tumbo linalalamika kwa haki.

Alhamisi, tarehe 10 Mei

Unga wa ngano, safari hii, niliuonja kwanza. Mayai mawili, maziwa ya kopo, sukari. Nilipata mafuta ya mawese tu. Kikaango nilichopata ni kile cha ndagala. Mafuta yalianza kuruka. Nilifunga kijiko kwenye ufito ili nipike nikiwa mbali.

Krepe ya kwanza ilitoka nyekundu, na harufu yake ilikuwa ya gati la wavuvi. Ya pili ilishikana na kikaango na haikukubali kuachana nacho. Ya tatu niliirusha hewani, kama afanyavyo Célestine kwa mkono mmoja huku akiongea na mteja. Iliangukia kidole changu cha kuandikia.

Kuku wa Mama Bertille alikuja, akazitazama, akaenda zake.

Nyumba imenyamaza mno. Nimesimama mlangoni mara mbili nikidhani nasikia kandambili zake.

Ijumaa, tarehe 11 Mei

Papa Omer amekuja kukagua mikono, kwa amri ya mama mkwe. Lengelenge la kidole limempendeza. Akaketi, akanipa maagizo. Mafuta yapakwe kwa kitambaa, tone tu, na yasiwe mawese. Unga uliokorogwa upumzike kwanza. Krepe isiguswe mpaka kingo zijiinue zenyewe.

“Na uchuchumae, mukwe. Unasimama juu ya moto kama polisi wa barabara.”

Nilichuchumaa. Nikapika ishirini na tatu. Kumi zilikuwa za mviringo. Nilionja ya kumi na moja na kuketi chini, maana ilikuwa tamu.

Nimetumia saa mbili na nusu, na mgongo haunyooki. Célestine hupika sitini kabla jua halijatoka. Niliiandika sentensi hiyo, nikaikata, nikaiandika tena. Inaweza kutumiwa dhidi yangu.

Jumamosi, tarehe 12 Mei

Kwetu mkwe hasimami mbele ya mama mkwe, na kumwona akila ni aibu isiyo na jina. Najua hayo tangu utoto. Ndiyo maana sahani imebebwa na Papa Omer. Lakini Papa Omer ni shahidi dhaifu, tena mlafi. Nilimfuata kwa mbali. Watu wote walikuwa kwenye salongo, kazi ya umma ya Jumamosi, wakifagia barabara ya soko. Njia ilikuwa tupu. Nikapata tundu kwenye ua wa matete wa Mama Émérence.

Célestine alifunua sahani. Akachukua krepe moja, akaigeuza, akatazama upande wa chini. Kisha mama yake akakunja moja na kufungua kinywa.

Nilipaswa kufumba macho. Nilisahau. Niliona mpaka jino la mwisho.

Akaliona jicho langu. Akajifunika kitenge kichwani na kulia kwamba mukwe amemuona akila. Célestine akaita jina langu, mara moja, polepole. Nimekimbia hadi posta.

Jumapili, tarehe 13 Mei

Papa Omer amekuja. Leo hakuketi. Hata baada ya tukio la ua, alisema, Mama Émérence alikula nne. Célestine alikula moja na kusema kingo za krepe zangu ni nzuri kuliko za krepe zake mwenyewe za mwanzo. Nilikuwa nimeshinda.

Sasa limebaki jambo dogo. Macho yangu yaliyoona yaoshwe kwa desturi. Nipeleke kuku mweupe, niketi chini nje ya lango, nikiinamisha kichwa, mpaka mama aseme inatosha. Célestine hajafunga mzigo, anangoja. Boti inaondoka kesho saa kumi alasiri.

“Usiandike kitu,” alisema mara mbili. “Njo kuku tu, na kunyamaza.”

Nilimshukuru. Mama Bertille amejitolea kumtoa kuku wake, yule yule. Lakini nimefikiri. Kuku ni kukiri kosa. Basi nimeandaa hoja, kurasa nne, kuthibitisha kwamba kilichoonekana ni shavu, si kinywa, na kwamba tundu la ua halikutobolewa na mimi. Nitaipeleka mwenyewe kesho, saa sita kamili, maana hiyo ni saa ya chakula na hawezi kukosekana nyumbani. Ili nisibishe hodi bure, nitachungulia kwanza.

Ukurasa wa nne unamalizika hivi:

Kwa hiyo, Mama, naomba uamuzi wako: Célestine arudi nyumbani, au apande boti?