Mizunguko Elfu Moja Bila Punje

Jumatatu, 3 Juni 1974. Uyole.
Baridi kali. Mikono imepasuka kwa kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Barua imefika kutoka Kwimba: mke wangu Ng'washi amejifungua mtoto wa kiume! Nikaomba likizo. Mnyapara wetu, Kalinga, akasema nafasi ni moja, na mfanyakazi mwenzangu Asukile naye anaitaka. Ijumaa tushindane asubuhi nzima, kila mtu na mashine yake. Atakayezungusha mara nyingi ndiye aende. Asukile ana mabega ya ng'ombe wa plau.

Jumanne, 4 Juni.
Nimepata njia. Jirani yangu, mwalimu Edmund, anafundisha fizikia. Nilimuuliza habari za vitu vinavyozunguka. Akasema chembe ndogo kabisa ina mzunguko wa pande tatu: juu, ubavuni na mbele. Ukipima wa upande mmoja sawasawa, wa zile pande mbili haujulikani tena. Si ubovu wa kipimo, ndivyo dunia ilivyo. Akaongeza kwamba kwenye vitu vikubwa jambo hilo halionekani. Hapo nilikuwa nimeshashika mlango.
Basi Kalinga akihesabu mizunguko, mahindi hawezi kuyajua!

Ijumaa, 7 Juni.
Nilizungusha mashine tupu. Nyepesi kama baiskeli iliyopinduliwa! Kufikia saa nne, mizunguko elfu moja. Asukile mia sita, anahema. Kalinga akatazama gunia langu, limelala chini. Akauliza mahindi yako wapi. Nikamweleza sayansi kwa heshima: kimoja umekipima, kingine huwezi kukijua. Akalinyanyua gunia langu kwa kidole kimoja.
“Ndugu Budeba, umenifundisha,” akasema. “Basi leo napima magunia.”
Asukile alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 8 Juni.
Asukile ameondoka na lori la ndizi. Kwao ni Tukuyu, hapa karibu tu, ambako kila mara huenda hata kufua nguo! Mimi mwanangu sijui hata sura yake. Nimemwandikia Ng'washi anivumilie.
Kalinga anasema ipo likizo nyingine mwezi Julai, na safari hii atahesabu magunia tu. Mwalimu Edmund amenirudia na yale maneno ya vitu vikubwa. Walimu hupenda kurudia.
Magunia tu! Basi kilichomo ndani hawezi kukijua. Jioni nimeokota magunzi, debe nane.