Mrudishie Jeanne Chupa Yake ya Chai ya Kijani

Kindu, tarehe 20 Februari

Kwa Mama Elodie, Muuguzi Mkuu, Kituo cha Afya cha mtaa wetu

YAHUSU: Kukamatwa kwa chupa ya vidonge

Mama Muuguzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni Zéphirin Ilunga, karani mstaafu wa reli, mume wa Jeanne, yule mama uliyemnyang'anya chupa yake ya vidonge vya chai ya kijani siku ya Jumatatu, mbele ya foleni nzima. Miaka thelathini niliandika ripoti za mabehewa, kwa hiyo utanisamehe nikiyapanga malalamiko kwa namba.

1. Umehujumu sikukuu. Tarehe 8 Machi wanawake wa Kindu watapita kwenye gwaride lao, wote kitenge kimoja. Florentin, fundi wetu, alimshonea Jeanne gauni kwa vipimo vya miaka mitatu iliyopita. Mtu mwenye adabu hafumui gauni lililokwisha kushonwa, anapunguza mwili. Kyakimwa, mwenye duka pale sokoni, alimhakikishia: "Mama, hii njo inamaliza mafuta yote, utaona." Wewe ukasema faida yake ni ndogo, pengine kilo moja au mbili kwa miezi kadhaa, na wengine hawapungui kitu. Kilo moja! Zipu ya Florentin inataka kumi na mbili.

2. Ulimuuliza anameza vingapi. Akakujibu kwa ukweli wake: sita, alfajiri, tumbo tupu. Ukashika kichwa, ukamsomea karatasi ya chupa, kwamba ni viwili kwa siku, pamoja na chakula. Mama Muuguzi, wakati wa vita ulikuwa bado mtoto huko Lubutu. Sisi tulikuwa hapa mji ulipozingirwa, chumvi ikawa hadithi. Tulimeza kinini cha malaria tumbo tupu kwa sababu hapakuwa na cha kutangulia, na tuliopona tulipona. Ndiyo maana kwetu mpaka leo dawa hutangulia chakula, na ili iwe kali zaidi huongezwa. Waliokufa hawajawahi kuulalamikia utaratibu huo.

3. Ulisema chai ya kikombeni haina neno, ila vidonge hivi vimekamuliwa kutoka majani mengi mno, na kuna watu ambao ini lao hushindwa. Jeanne alikueleza kwa upole kwamba ni majani tu, kitu cha Mungu. Ukamjibu: "Mama, sombe nayo njo majani ya muhogo. Mbona unaitwanga na kuichemsha saa nzima mbele ya kula?" Kumtajia mwanamke wa Maniema sombe mbele ya watu ni ukatili. Alirudi amenuna. Siku tatu tumekula wali mtupu.

4. Macho. Ulimfunua kope ukasema: "Macho yako iko manjano, mama. Kesho urudie tupime damu." Hakurudi, na anazo sababu. Kwetu tunatumia taa ya sola ya bei nafuu; chini yake kila mtu ni wa manjano, hata mbuzi. Anawashwa mwili mzima, lakini nani hawashwi Kindu mwezi wa pili? Mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa, ishara kwamba mafuta yanatoka. Hawezi tena kumaliza kufagia kiwanja, ushahidi kwamba mwili unapungua kama ilivyopangwa. Mwenye macho haambiwi tazama, nami nimetazama.

Kwa hiyo nadai haya. Chupa irudishwe mkononi mwa Jeanne mwenyewe, si kwa mjumbe. Umwombe radhi ndani ya ofisi yako, ameketi, mlango umefungwa. Tena umwandikie hati yenye muhuri kwamba ini lake ni zima, ili majirani wafunge midomo. Najua hati ya namna hiyo haitolewi bila kupima damu. Basi mtoeni damu, ametoa idhini mbele yangu.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, na Mama Ange wa maabara, ambaye natumaini yuko kazini leo.

Mimi niliyekasirika sana,
Zéphirin Ilunga

N.B. Haya yote ya juu nimemsomea Jeanne kwa sauti, kwa kuwa alikataa kabisa kuja kwako ila akija kama mdai. Mistari hii hajaisikia; barua anakuletea mwenyewe, lakini miwani yake iko mfukoni mwangu. Siamini hata neno moja nililoandika. Tangu jana anatapika, na amekubali kupanda pikipiki ya Abdoul kwa sababu tu ya hamu ya kukuona ukiaibika. Gauni nimekwisha kumrudishia Florentin alifumue. Naogopa, Mama Elodie. Chupa usimpe. Anza na damu, gombana naye baadaye, na usimruhusu atoke. Ninakuja nyuma yao kwa miguu.