Ndege Yangu Haina Ufa, Ina Fundi

Kwa Mkuu wa Karakana ya Ndege,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu.

YAH: UFA ULIOLETWA NA FUNDI WAKO

Habari ya hapo juu inanihusu mimi, ndege yangu ya viti vinne, na mama yangu mzazi, ambaye nimemwahidi kumpeleka Jumamosi kumwona mjukuu wake mchanga. Mimi si mtu wa kulalamika. Nimetua kwenye matope, kwenye mchanga, na mara moja katikati ya mbuzi, na mbuzi wenyewe walinisifu. Ila fundi wako wa ukaguzi, yule tunayemwita Dada Tochi, amenifika hapa shingoni.

1. Amelala chini ya ndege yangu asubuhi nzima akiuchungulia mguu wa kushoto kwa kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Mguu haukuwa umelalamika maumivu yoyote.

2. Kaupaka dawa nyekundu, kaifuta, kapulizia unga mweupe. Mara mstari mwekundu ukajitokeza. Akasema, "Kaka, huo ni ufa. Hairuki hii." Mkuu, hiyo rangi kaileta nani? Kabla ya dawa yake ufa haukuwepo!

3. Mimi mwenyewe nina magaga visiginoni yanayoweza kumeza sarafu, na nimecheza muziki ughaibuni mpaka wenyeji wakakaa chini. Mbona mimi hajanizuia?

4. Hata tukisema ufa upo, miguu ya ndege hufanya kazi mwanzo na mwisho tu. Katikati yote inaning'inia bure. Naomba basi kibali cha kupaa tu. Suala la kutua tutalijadili nikiwa juu, kwa redio, kwa utulivu.

5. Nyumbani hakukaliki. Kikombe nakigeuza kwanza kutafuta ufa ndipo nimimine chai. Mke wangu kanikuta namulika miguu ya kitanda, kaniuliza namtafuta nani huko chini.

Kwa hiyo naomba Dada Tochi awe anakagua akiwa amesimama getini, bila miwani.

Nisalimie mafundi wote, mlinzi, mama wa chai, na hata Dada Tochi mwenyewe. Simchukii, namwogopa tu.

Wako wa angani,
Kapteni Mawingu

N.B. Mama amefika na begi lake. Hajawahi kupanda ndege. Kaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kina miguu mizima hicho chombo?" Nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Tafadhali, mguu ubadilishwe. Mjukuu atasubiri, bado hata shingo haijakaza. Na Dada Tochi aje aukague na ule wa kulia. Tochi nitamshikia mimi.