Tarumbeta Langu na Nyimbo za Ludi Bager

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa kwa muziki wa mji wetu wa Niš! Mazoezini leo Vukosava, mpiga piano wetu na kiongozi wa kundi (kwa sasa), ametangaza kwamba Jumamosi tutapiga kwenye ngome ya kale ya mji nyimbo za Ludi Bager kwa mtindo wa jazi. Ludi Bager! Tingatinga Kichaa! Bendi ya roki ambayo hakuna mtu nchi hii aliyeoa bila nyimbo zake. Niliwaambia wenzangu kwamba wazo hili nilikuwa nalo zamani, ila sikulisema. Mpiga ngoma akasema mawazo yangu nisiyoyasema ndiyo mazuri kuliko yote. Wivu.

Kisha pigo. Solo ya "Usinifulie Koti", wimbo mkubwa kupita zote, kapewa Siniša. Siniša! Mtu anayepuliza saksofoni kama anapoza supu! Mimi nimepewa noti chache mwishoni, tena niweke kizibo kwenye tarumbeta ili lisisikike sana.

Nilimuuliza Vukosava kwa upole kama amerukwa na akili. Akajibu: "Rale, wewe ukipewa solo huirudishi."

Nyumbani mke wangu Desanka naye kaunga mkono upande wa adui. Nimekula pilipili hoho zilizojazwa nyama kwa hasira, nikaongeza sahani. Sitanyamaza.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mpango. Mtunzi wa wimbo, mwimbaji mwenyewe wa Ludi Bager, mzee Boća, bado yu hai. Anafuga nyuki kijijini, mlimani juu ya mji mdogo wa Niška Banja, na hapendi wageni. Mwenye wimbo akitaka tarumbeta, nani atabisha? Nikawasha gari.

Nilimkuta mizingani. Mzee mfupi, mkavu, wavu usoni. Akaniambia nisimame hapo hapo nilipo. Nikamweleza habari za jazi. Akasema kwake jazi ni mtu anayejipapasa mifukoni akitafuta ufunguo, na mlango uko wazi. Nikacheka kwa adabu. Kisha nikampigia "Usinifulie Koti" kwa namna yangu, na madoido yangu yote. Nyuki wakatoka. Wote, nadhani. Boća alisikiliza kainamisha kichwa mpaka mwisho. Nilipoliteremsha tarumbeta, jicho langu moja tayari linavimba, akasema: "Wimbo mzuri. Wa nani?"

Wimbo mzuri! Kwa kinywa cha Boća! Hilo la "wa nani" ni unyenyekevu tu. Wakubwa ndivyo walivyo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeingia mazoezini na jicho moja, lakini kichwa juu. Nimewaambia kwamba Boća ametamka: wimbo wake uongozwe na tarumbeta, la sivyo usipigwe. Uongo? Hapana. Ni tafsiri.

Vukosava akauliza: "Amesema mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

Nilijiandaa kwa vita na Siniša. Nilikuwa na maneno tayari, makali, nimeyachonga tangu asubuhi. Yeye akasema tu, "Basi kama mwenye wimbo ndivyo anavyotaka, mpeni Rale," akaendelea kufuta saksofoni yake. Hakununa! Mtu wa namna gani huyu? Ukishindwa, nuna! Umeninyima nusu ya ushindi.

Halafu Vukosava akasema, maadamu mimi na mzee tumekuwa marafiki, nimlete Jumamosi akae mstari wa mbele. Nikajibu "bila shaka" kwa sauti nyembamba sana. Lakini solo ni yangu!

Ijumaa, 7 Juni

Matangazo yamebandikwa mji mzima: BOĆA ATAKUWEPO. Nimempigia simu. Akasema hajakanyaga ngomeni tangu bendi ivunjike na hana nia ya kukanyaga. Nikambembeleza. Akasema watu waliuchukua wimbo wake wakaugeuza wa kulewea, wakawa wanauimba wakiwa juu ya meza, na yeye hataki kuusikia tena hata ukipigwa na malaika, sembuse mimi. Akakata.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilishuka ngazi nikamgongea Tihomir, jirani yangu, muuza nyama. Mfupi. Mzee. Mvalishe kofia na miwani myeusi, nani atajua? Boća hajaonekana mjini miaka na miaka. Tihomir amekubali kabla sijamaliza kueleza, na hilo lilinitia shaka kidogo. Masharti: akae, atikise kichwa, asifungue mdomo.

Desanka alipopata habari akasema Tihomir hajawahi kunyamaza tangu siku ya ubatizo wake. Kisha akaongeza: "Mume wangu, ipo siku utadanganya mpaka asibaki wa kukuamini, hata wewe mwenyewe." Nikamwomba asimvunje moyo msanii usiku wa kuamkia kazi.

Jumapili, 9 Juni

Jana sikuweza kuandika. Nitajaribu kwa utaratibu.

Jua lilikuwa bado juu, ngome imefurika. Tihomir kaketi mbele na miwani yake, anatikisa kichwa vizuri kabisa. Mtangazaji akataja jina la Boća, watu wakasimama kwa makofi. Na yule mjinga naye akasimama! Akapanda jukwaani! Akashika kipaza sauti, akasema muziki ni kama nyama: ukiikata vibaya, hakuna kiungo kitakachoiokoa. Watu wakapiga kelele za furaha. Akarudi kitini akitia saini kwenye kila karatasi aliyopewa, na kwenye shingo ya mtu mmoja.

Ndipo nilipomwona. Mstari wa pili, karibu na Desanka wangu, mzee mfupi, mkavu, safari hii bila wavu. Boća. Boća halisi! Baadaye amesema simu yangu ilimuudhi sana, akaja kusikiliza tunavyouharibu wimbo wake, ili atutukane akiwa na ushahidi. Desanka ananiambia mzee alimuuliza yule aliyehutubia ni nani. Akamjibu, kwa kuwa ndivyo ilivyotangazwa, kwamba ni Boća. Mzee akamtazama Tihomir kwa huruma. "Maskini," akasema. "Amenenepa."

Na solo ikafika.

Nikainua tarumbeta. Maboća wawili mbele yangu. Nikaanza juu, nikapanda juu zaidi, na huko juu nikagundua sijui njia ya kushuka. Nikazunguka. Nikarudia. Mtu akacheka. Nyuma kabisa wakaanza kuuimba kilevi, kama harusini, wakigonga viti. Nilikuwa nazama mbele ya mji mzima.

Siniša angeniacha nizame. Mimi ningemwacha. Lakini akaingia chini yangu, polepole, akaiokota noti niliyoipoteza, akaishika, akaishika, kisha akamkabidhi Vukosava. Naye akaipiga taratibu kuliko mazoezini, taratibu kuliko nilivyowahi kuusikia wimbo huo. Wale wa nyuma wakaacha kuimba mmoja mmoja. Hakuna aliyeimba, na hapo ndipo nilipoyasikia maneno ya wimbo wenyewe. Mtoto anamwomba mama yake asifue koti la baba, kwa sababu bado lina harufu yake. Maisha yetu yote tumelewa juu ya meza kwa wimbo huo! Niliuimba hata kwenye harusi yangu, nikivunja glasi.

 Nikasikia mto Nišava ukipita chini ya ngome. Tihomir kavua miwani, kavua na kofia, analia waziwazi kama mtu aliyekatwa kidole, na hakuna aliyemjali.

Siniša akanitazama, akaniashiria kwa kichwa: mwisho ni wako. Nikaweka kizibo. Nikapiga zile noti zangu chache nilizopangiwa tangu mwanzo, bila doido hata moja.  

Boća akaja nyuma ya jukwaa. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kasha la besi. Aliwashika mkono Vukosava na Siniša. Halafu akawaambia koti lilikuwa la baba yake, mtu wa reli, na tangu autunge wimbo kelele za watu hazijampa nafasi ya kulisikia koti hilo ndani yake. "Nilikuja kuwatukana," akasema. "Sasa sina tusi." Akauliza yuko wapi aliyepiga zile noti za mwisho. Siniša, mtu yule asiyejua kuchukia, akalionyesha kasha.

"Ah! Wewe wa nyuki!" Boća akasema. Nikatoka. Nikafungua kinywa nijieleze. Akanizuia kwa mkono. "Usiongee. Mlipomalizia leo ndipo ungeanzia siku ile." Akanipa mkono. Kisha akamgeukia Tihomir, ambaye alikuwa anatafuta mlango: "Na wewe Boća, punguza mkate."

Vukosava hakunifokea. Alinifunga skafu shingoni kama mama, akasema tutaongea. Njia nzima kurudi nyumbani watu walikuwa wakitusimamisha kutushika mikono, na kifua changu kilijaa, na kwa mara ya kwanza hakikujaa mimi peke yangu. Kilijaa Vukosava, na besi, na ngoma. Hata Siniša. Desanka akanishika mkono, akasema ananionea fahari, hasa pale niliponyamaza. Naandika upesi kabla hali hii haijanipita.

Jumanne, 11 Juni

Jana tumeitwa Sofia, mji mkuu wa nchi jirani! Ukumbi mkubwa, nyimbo zile zile za Ludi Bager! Vukosava ameniita pembeni: nitakwenda, nitapiga kilichoandikwa, na kwanza nimwombe Siniša msamaha. Nimemwomba. Akaninunulia bureki, andazi la nyama, na mtindi, akasema yameshapita. Nimeguswa. Nimeelewa kwamba muziki si mtu mmoja, na kwamba noti chache zikipigwa kwa moyo zinatosha.

Zinatosha Niš. Sofia ukumbi ni mkubwa zaidi.

Kwa hiyo mchana nimempigia simu mwenyeji wetu wa Sofia. Sauti nzito, ya kitabibu. Nikajitambulisha kuwa ni daktari wa koo, nikasikitika kumjulisha kwamba bwana Siniša amekatazwa kupuliza kitu chochote, hata mshumaa, ila kwa bahati kundi lina mpiga tarumbeta wa ajabu. Nilifanya vizuri sana. Mwenyeji alishtuka, akanishukuru, akauliza swali moja tu: mbona daktari anapiga kwa namba ya Rale wa tarumbeta, ile ile ambayo Rale alimpigia jana akiomba awekwe peke yake kwenye matangazo?

Sikubabaika hata kidogo. Nikamwambia hospitali yetu ni ndogo, simu tunatumia kwa zamu.