Dakika Tano kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Wateja: hakuna. Nimezitia ufunguo saa zote za ukutani, kumi na moja, ili dukani kuwe na sauti. Mkabala, kwa fundi simu ninayemwita Meno Nje kwa jinsi anavyomchekea kila mtu, foleni ilifika barabarani. Dada alipiga simu. Anasema mteja akihudumiwa vizuri hurudi. Nisalimie watu, niweke pa kukaa, niache kununa. Kununa! Mimi! Uso wangu ndivyo ulivyo tangu mke wangu afariki. Hata hivyo nimenunua benchi. Nimelikalia mwenyewe mpaka jioni.

Jumatano, 5 Machi

Mteja! Mama mmoja, karani mstaafu wa posta. Nimemwita Bi Posta, kimoyomoyo. Saa ya mkono ya marehemu mumewe ilikuwa imesimama. Uchafu tu, kazi ya dakika kumi. Nikaifanya kwa saa mbili. Yeye kwenye benchi, ananisimulia visa vya barua zilizopotea. Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Sijui mara ya mwisho nilicheka hivyo lini.

Halafu nikawaza. Dada hajui kitu! Saa ikipona vizuri, mwenyewe haonekani tena miaka mitano. Huduma nzuri ndiyo inayonifukuzia watu! Basi nikasukuma kidogo kijiti cha mwendo, upande wa polepole. Itachelewa dakika tano kwa siku. Si wizi. Ni mwaliko.

Jumamosi, 8 Machi

Amerudi! Saa iko nyuma robo saa, kama nilivyopanga. Nikatikisa kichwa kama daktari, nikasogeza mishale, sikumtoza kitu. Kijiti sikukigusa. Akanisifu kwa uaminifu wangu. Uaminifu! Nikainamisha macho.

Alileta chupa ya chai na vikombe viwili. Viwili! Binti yake wa pekee yuko nyumbani, lakini Jumanne anasafiri kwenda kazini mbali, miaka miwili. Alisema nyumba itabaki kimya. Nilitaka kumwambia hata yangu iko kimya. Nikamwambia chai ni tamu. Meno Nje alichungulia. Achungulie tu!

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Binti alitangulia kituoni na mizigo, mama akapitia duka la nguo kumnunulia sweta. Basi liliondoka saa tatu kamili. Bi Posta alifika saa tatu na dakika kumi. Saa yake ilimwambia bado dakika tano. Simu yake ingemwokoa, lakini iko kwa Meno Nje inabadilishwa kioo. Nimejaribu kumlaumu yeye. Sikuweza.

Alikuja dukani moja kwa moja. Hakufoka. Heri angefoka. Alikaa kwenye benchi, sweta bado imo mfukoni, akasema mumewe aliivaa saa hiyo miaka ishirini na haikuwahi kumchelewesha. Nikasingizia unyevu wa hewa. Nimeona aibu, nasema kweli.

Akaiweka mezani. Akaomba niitengeneze sawasawa, kesho ataifuata. Mlangoni akageuka. Akasema nisihofu, atakuja kukaa hapa hata ikiwa nzima, maana nyumbani hana wa kuongea naye.

Jumatano, 12 Machi

Sikulala vizuri. Nimeyapima maneno yake tangu asubuhi. Atakuja hata ikiwa nzima? Adabu tu hiyo, watu wa posta wana adabu. Mwenye saa nzima atafuata nini kwa fundi saa?

Kosa nimeligundua. Ni la kiufundi! Saa iliyochelewa ndiyo iliyomkosesha basi. Ingekuwa inakimbia, angefika mapema, angemkumbatia mwanawe, na bado angerudi kwangu. Nimesukuma kijiti upande wa pili. Dakika tano kwa siku, mbele.

Nimelipangusa benchi mara mbili. Nimenunua sukari. Kila nikisikia nyayo nje nanyanyua kichwa.

Akiichukua leo, Jumamosi lazima arudi.